Haijavuja

Duqm, banda la majaribio, saa tisa usiku.
Upepo wa Julai unapenyeza mchanga chini ya mlango.
Ndani, seli mia mbili na ishirini zimebanwa kwa boliti
kama kurasa za kitabu kisichoruhusiwa kufunguliwa,
na kati ya kila ukurasa na mwenziwe
kuna uzi wa mpira mweusi, mwembamba kuliko ukucha wangu.

Huo uzi ndio kazi yangu.
Wageni wakija hupiga picha na tangi,
huulizia bei ya platini.
Hakuna aliyewahi kupiga picha na mpira.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuijua hidrojeni.
Hii haingoji ufa, hujaribu hata palipokwisha kuzibwa;
haina rangi, haina harufu, haipigi hodi,
na ikiwaka mchana moto wake hauonekani:
utaujua kwa nyusi zako.

Mpira hauchakai kwa kishindo.
Joto nyuzi themanini, unyevu, asidi inayochuruzika kwenye utando,
na kubanwa. Kubanwa zaidi ya yote.
Siku ya kwanza ukiulegeza unaruka, unarudia unene wake
kama mtoto aliyeachiwa mkono.
Baada ya saa elfu tatu unarudi nusu.
Baada ya elfu tano unabaki ulivyobanwa,
bapa, mtiifu,
umesahau kwamba uliwahi kusukuma.
Gesi hupata njia pale mpira unapokubali.

Silikoni ilitangulia. Laini, rahisi, ilitutia moyo.
Tulipofungua tukakuta imehamia kwenye utando,
unga mweupe kama chumvi ya jasho kwenye kola.
Ya pili ilichanika pembeni, mwezi wa Ramadhani;
Sreejith aliigundua kwa brashi na povu la sabuni:
kiputo kimoja, sawa na punje ya mtama,
kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena,
tukakitazama wote wawili bila neno.
Hii ya tatu ina saa elfu sita mia nne na kumi na mbili.

Nilimweleza mama kwa simu, yuko Sib.
Akacheka. "Kumbe ni mpira wa sufuria la presha!"
Wake huubadilisha kila Shaabani,
hangoji mvuke umtoroke;
huukunja, huuvuta, huunusa,
na ule mkuukuu hufungia mfuko wa mchele.
Nilitaka kumwambia, mama, huku kuna vipimo.
Nikanyamaza. Ndivyo ilivyo.

Sasa Bwana Mundhir wa makao makuu anataka sentensi moja.
Wanunuzi wa malori wanafika Alhamisi.
"Andika itadumu saa elfu ishirini na tano."
Mchoro upo, mstari unateremka pole pole, rula ninayo.
Nikiilaza rula, elfu ishirini na tano zinafikika
kwa wino tu.

Ripoti ni ya Kiingereza, yeye ataielezea kwa Kiarabu,
ila mimi hufikiri kwa lugha ya jikoni kwetu
na lugha hiyo hainiachii.
Haivuji: hiyo ni ahadi, inagusa kesho, na kesho si yangu.
Haijavuja: huo ni ushahidi.
Nimesimama mlangoni mpaka dakika hii,
sijaona mtu akitoka,
na sijaondoka.

Natafuta Kiingereza chenye hiyo *ja* ndani yake.
Naandika, nafuta. Naandika saa 6,412,
nafuta tena, maana saa imegonga: 6,413.
Bwana Mundhir atakasirika, na malori huenda yakaenda kwingine.

Nachovya brashi kwenye sabuni.
Boliti ya kwanza.